Injini Chini ya Vibuyu

Juzi nilienda Merigi kumzika Kiprono, mwanamume ambaye nusura anioe, na tangu nirudi kazi imenishinda. Cherehani iko mbele yangu, sare za watoto wa watu zinangoja kushonwa, nami nimekaa tu nikiangalia mvua ya Kericho ikipiga mabati ya jirani. Binti yangu aliniuliza, "Mama, huyo mtu ulimjulia wapi?" Nikamwambia alikuwa karani wa kupima majani chai kule kwetu Boito, zamani. Si uongo. Lakini sikumwambia habari ya maziwa, na bila maziwa hajaambiwa chochote. Mimi ni mwanamke niliyemzika mume, nikalea watoto kwa sindano, nikagombana na wenye nyumba wa mji huu mpaka wengine wakiniona wanavuka barabara. Siogopi mtu. Lakini nikiukumbuka mwaka ule uso unanichoma hadi masikioni, kama vile bado ni msichana na wageni bado wamekaa sebuleni. Nilidhani aibu huzeeka pamoja na mwenyewe. Wapi! Mimi nimezeeka, yenyewe iko vile vile.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza Form Four, niko nyumbani nachuma chai na kujifunza kushona, wakati ndugu yangu Weldon aliporudi kutoka Nairobi, alikokuwa fundi wa magari. Watu wengine hurudi na redio. Weldon alirudi na Datsun ya rangi ya krimu ikivutwa na trekta, na sanduku la mbao ambalo hakutaka mtu aliguse. Alilifungulia mezani wakati wa chakula, kati ya ugali na sukuma wiki, akatoa kitu kizito cha chuma kilichojikunja kama konokono. "Hii ni turbo," akasema, sauti yake ya chini kabisa, kama mtu aliye kanisani. Aliipata Nakuru kwa wauza vyuma vikuukuu, ikiwa imetolewa kwenye pikapu ya dizeli iliyogongwa. Baba akaacha kula. "Inakula nini?" akauliza. "Moshi, Baba. Ule moshi wa eksozi unaopotea bure, huku ndani unazungusha feni, na feni ya upande huu inasukuma hewa irudi kwa injini kwa nguvu. Gari dogo linapumua kama lori." Baba akamega ugali, akatafuna pole pole. "Na sisi tunahitaji gari dogo linalopumua kama lori kwa sababu gani?" Jibu nilikuwa nalo mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshaishika ile feni kwa kidole na kuizungusha, na ilizunguka bila sauti, ikaendelea kuzunguka hata baada ya mimi kuondoa mkono. Nilitaka kuisikia ikifanya kazi. Hakuna sababu nyingine, na mpaka leo sijapata nzuri zaidi.

Basi tukaanza kuijenga injini kwenye banda la majani, pale tulipoweka magunia ya chai tukingoja kuyapeleka kituoni yakapimwe. Sisi wawili tu. Nilianza kwa kumshikia spana, baadaye akaona mikono yangu inatulia kuliko yake, akaniachia kusaga vavu. Unapaka dawa, unashika kijiti, unakizungusha kati ya viganja kama mtu anayewasha moto wa zamani, mpaka vavu na kikalio chake vikubaliane. Niliipenda ile kazi kuliko nilivyopenda kushona, na nilijua si ya kusemwa kwa sauti. Majirani walipopita nilikuwa narukia jembe.

Sasa, watu wa chai wanajua kitu kimoja hata wakiwa usingizini: majani hushika harufu. Usiyaweke karibu na mafuta ya taa, usiyabebe na kitunguu, usiyamwage mahali palipolala mbuzi. Siku moja nilibeba gunia langu hadi kituoni, karani mpya akachota majani kwa mikono miwili, akayanusa, akanitazama. Alikuwa kijana mrefu mwenye masikio yaliyochomoza, amevaa koti la mvua lililomzidi. "Dada," akasema, "haya umeyachuma shambani ama garage?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikageuka na gunia langu nikaenda mbio, na nyuma nikamsikia akiita, "Ngoja, sikusema uende, nimesema tu yananuka!" Huyo ndiye Kiprono. Hivyo ndivyo tulivyojuana, na mngekuwa na akili kuliko mimi mngeona hapo hapo ugonjwa wangu: mtu akicheka, mimi miguu inatangulia.

Baba alikasirika kwa sababu alikuwa kwenye kamati ya kituo. Gunia moja linalonuka petroli likifika kiwandani pamoja na mengine, jasho la jirani zako wote linamwagwa. "Hiyo konokono yenu itoke kwa majani leo," akasema. "Leo, si kesho." Tukaitoa. Tukaikokota injini juu ya mbao hadi jiko la zamani la Mama, nyumba ya udongo iliyokuwa na chumba cha ndani ambacho hakikutumika ila kuhifadhi vitu. Tukajisifu kabisa. Tukawa tunanawa kwa Omo kabla ya kwenda kuchuma, nguo za injini zikawa na msumari wao, gunia likilala upande ule mwingine wa boma. Hakuna familia iliyolinda chai yake kama sisi mwaka ule. Na katika kile chumba cha ndani, juu ya karai letu la petroli tuliloloweka vyuma, vilining'inia vibuyu vya Mama.

Sijui niseme vipi jinsi nilivyokuwa na furaha mle ndani. Mvua ilikuwa ya kila siku mchana, dirisha tumelifunga, Mama anapika upande wa pili wa ukuta, na harufu ya isagek, zile mboga zetu chungu, zikichemka inaingia kwetu huku yetu ikienda kwake. Weldon alisema hewa ikizidi ndani ya silinda pistoni zitatoboka, kwa hiyo lazima tuinue hedi, kile kifuniko cha silinda, kidogo kwa gaskiti nene ya shaba. Gaskiti kama hiyo haikuuzwa popote. Nikasema, "Si nikate?" Nikalaza karatasi ya kalenda juu ya injini, nikaisugua kwa kidole chenye grisi mpaka matundu yote yakatoka, nikaikata kama pateni ya gauni, halafu nikaifuata pateni hiyo kwenye bati la shaba kwa patasi na tupa. Ilinichukua majuma. Ilipokuwa tayari Weldon akasema shaba lazima ilainishwe, tukaiingiza kwenye moto wa Mama mpaka ikawa nyekundu, tukaitumbukiza majini. Mama akasimama na mwiko mkononi. "Sasa mnapika chuma kwa moto wa ugali?" akasema. "Chebet, nani atakuoa na hizo kucha?" Nikaficha mikono nyuma. Alikuwa anatania, lakini usiku huo nilizisugua kucha zangu kwa mchanga mpaka zikatoa damu.

Kumbe wa kunioa alikuwepo. Kiprono alianza kupita nyumbani jioni akirudi kutoka kituoni, kisingizio ni kuona gari. Hakujua lolote kuhusu injini, masikini. Alikuwa anakaa kwenye mtungi wa maziwa uliopinduliwa, anakunywa chai yetu, anatuuliza maswali ya kitoto, na Weldon anamjibu vibaya. Siku moja tukiwa wawili pale kituoni, watu wameshaondoka, akaninusa bega kama alivyonusa yale majani. "Nimeizoea," akasema. "Foleni ikiwa ndefu sikuoni, nasikia petroli, najua umefika." Nikamwambia akome ujinga. Lakini mwanamke aliyeambiwa maneno kama hayo anayasahau vipi? Mwezi wa kumi na moja wazee wa kwao wakatuma habari kwamba watakuja kwa koito, yaani kukaa na wazee wetu, kuniposa rasmi na kuelewana. Baba akapaka nyumba rangi. Weldon akaambiwa injini iingie garini na jiko lifagiliwe.

Mtu asiyetoka kwetu huenda asijue uzito wa kibuyu siku ya koito. Mgeni hukaribishwa kwa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, na mursik hiyo ndiyo inayosema nyumba hii ni ya watu gani na msichana wake analelewa vipi. Mama alikuwa ameniachia kazi yote makusudi. Mimi ndiye niliyeviosha vibuyu, nikachoma vijiti, nikapaka mkaa ndani, nikachemsha maziwa, nikayapoza, nikayamimina na kufunika. Halafu nikavirudisha kwenye misumari yake, kwenye kile chumba cha ndani, majuma yale ambayo karai la petroli lilikuwa bado chini. Sisi tulioogopea majani ya chai hata kivuli cha petroli! Hakuna aliyefikiria maziwa. Na kunusa hatungeweza, kwa sababu mwaka mzima tulikuwa tunaishi ndani ya harufu ile, pua zetu zilishaihesabu kuwa hewa. Mama naye alikuwa na sheria yake kwamba kibuyu cha wageni hakionjwi, hufunguliwa mbele ya wenyewe.

Walifika mchana, jua limewaka baada ya mvua, baba yake Kiprono na mama yake, wajomba, na mzee mmoja wa kanisa aliyeomba sala ndefu. Niliwaamkua mmoja mmoja, macho chini. Kiprono alibaki nje na Weldon, karibu na Datsun, maana mambo ya sebuleni si ya vijana. Nikakitikisa kibuyu, nikamimina, mursik ikatoka nzito, ya kijivu, nzuri machoni kabisa. Nikagawa vikombe kwa mikono miwili, nikaanza na mama yake, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani aliyenishika kidole kidogo nilipompa chake, akatabasamu. Nikatoka, nikasimama nyuma ya ukuta chini ya dirisha, kama msichana yeyote angefanya. Nikasikia vikombe vikiinuliwa. Halafu nikasikia kikombe kimoja kikirudishwa mezani. Mlio huo mimi nausikia hata leo nikiwa katika kazi zangu. Kisha mjomba mmoja akasema, "Hii maziwa iko na kitu." Mwingine akasema, "Ni petroli." Na baba yake Kiprono, kwa sauti iliyofika barabarani, akasema, "Aa! Wameona tumetoka mbali, wametutilia mafuta tufike Merigi!" Na sebule nzima ikacheka.

Niliacha viatu pale. Nilipita nyuma ya choo, nikaruka mfereji, nikaingia shambani, nikatambaa chini ya michai. Juu michai ni kijani sawasawa kama meza, lakini chini kuna giza na vigogo vilivyopinda, na mtu akilala hapo haonekani hata ukipita karibu. Nilijifunika uso kwa gauni nililolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimchukia Weldon, nikaichukia shaba, nikawachukia wale wazee kwa kucheka, na zaidi ya wote nikaichukia mikono yangu. Nilimsikia Mama akiniita, kwanza kwa utaratibu wa mbele ya wageni, baadaye kwa sauti ya kweli. Sikuitika. Halafu nikasikia Datsun.

Ilikuwa bado haijawahi kukimbizwa. Weldon alikuwa anaipasha moto uani tu, akiogopa gaskiti. Siku ile aliitoa barabarani, akaikanyaga kuelekea mtoni, na alipogeuka kupanda ule mlima, nikasikia kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nakitamani tangu siku ya ugali na sukuma wiki. Mluzi mwembamba ulianzia chini, ukapanda pamoja na gari, ukazidi injini yenyewe, ukapita juu ya shamba letu, ukaenda. Haikubadilisha gia. Gaskiti yangu ilishika! Nikainua uso kutoka kwenye udongo, nikasikiliza, na kwa dakika hiyo moja nilisahau kila kitu. Kisha ikarudi, mluzi ukashuka, ukapanda tena. Ilikwenda upande wa kituo, ikarudi, ikashuka mtoni, ikapanda. Nilijua walikuwa wananitafuta. Kila ilipokaribia nilijilaza zaidi. Jua lilipokwisha nikasikia gari la wageni likiwashwa na kuondoka, na mluzi ukakoma.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kericho kwa shangazi yangu, na hapo ndipo nilipobaki hadi leo, naweza kusema hivyo. Mama alikuja, akaanza, "Ile siku, wale watu—" nikamkata, nikamwambia akiitaja tena siku ile hatanikuta hapo. Weldon alijaribu, nikamfungia mlango. Baba hakujaribu. Kwake mambo yalikuwa wazi: wageni wamekuja, msichana amekimbia, basi amekataa. Nilimwona ni mkatili, na sikujiuliza alikuwa ameaibika kiasi gani kukaa na watu wale mpaka jioni akisema atakuja, anakuja, yuko karibu. Kiprono naye alikuja, siku ya soko. Nilijificha chumba cha kulala, shangazi akamwambia sipo. Nilimsikia akikaa, akinywa chai, akiuliza hali ya barabara. Alipoinuka akasema kwa sauti ya kunifikia mimi, si shangazi, "Mwambie sikuja kwa mambo ya maziwa." Nikakaa juu ya kitanda na mikono mdomoni. Niliona ananihurumia, na kuhurumiwa nilikuona kama tusi. Mwaka uliofuata nikasikia ameoa.

Kwa hiyo juzi Weldon alipopiga simu kusema Kiprono amefariki, nilisema siendi. Halafu nikavaa. Weldon mwenyewe ndiye aliyenipeleka, mzee wa mvi sasa, na njia nzima hatukuzungumza ila mambo ya mvua. Baada ya mazishi watu walikuwa wanakula, nikawa natafuta njia ya kutoka, ndipo mtoto akanivuta mkono, akasema Kogo, yaani nyanya yake, ananiita. Alikuwa ni mama yake Kiprono, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ukuta, amekonda, macho yamefifia, na kitambaa cheupe kile kile, au mwenzake. Nikapiga magoti. Akanishika mkono, akatafuta kile kidole kidogo, akakishika.

"Wewe ndiye wa mursik," akasema.

Weh! Nilitamani ardhi ipasuke. Mbele ya kaburi la mtoto wake, na jambo la kwanza ni hilo. Nikasema, "Ni mimi, Kogo. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi kikombe changu nilimaliza." Akacheka bila sauti. "Nikaomba kingine. Nilijua nikiomba kingine wale wanaume wataona haya, watakunywa. Wakanywa wote! Mzee wangu alikuwa na mzaha mwingi, lakini alikunywa pia. Kibuyu tulikimaliza, mtoto wangu. Tulitapika njiani, tukicheka, lakini kibuyu tulikimaliza. Mama yako hakukuambia?"

Mimi ndiye niliyemkataza. Mama alishakufa, amekwenda na neno hilo mdomoni.

"Tulikungoja," akasema. "Mzee wangu alikataa tusiondoke. Alisema msichana akija atuone vikombe viko tupu, ndiyo ajue. Tukakaa mpaka ng'ombe wakarudi. Na Kiprono yuko ndani ya lile gari na ndugu yako, juu, chini, juu, chini. Mimi sijasikia gari likilia vile tena."

"Kiprono alikuwa ndani ya gari?"

"Si ndiye alikuwa anaita kwa dirisha? Alipaza sauti mpaka ikakauka, lakini ule mluzi ulikuwa mkali, hata sisi hatukumsikia." Alinigeuzia macho yake yaliyofifia, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. "Na wewe ulikuwa umefika wapi siku ile?"

"Nilikuwa hapo tu, Kogo," nikasema. "Nilikuwa nausikia mluzi."